Namna ya Kuchagua Programu ya Kuhariri Picha Inayolingana na Kazi Yako: Mwongozo kwa Wapigapicha wa Kigoma

Mpigapicha anayetafuta programu ya kuhariri picha mara nyingi huanza kwa kuuliza ipi ni bora kuliko zote. Swali hilo halina jibu, kwa sababu mwenye studio ya picha za pasipoti pale Mwanga, mpigapicha wa harusi anayezunguka kutoka Ujiji hadi Kasulu, na mwongoza watalii anayepiga sokwe wa Gombe hawafanyi kazi moja, hata kama wote watatu wameshika kamera ya aina ileile. Swali linalojibika ni lingine: tangu picha zako zinapotoka kwenye kadi ya kamera hadi zinapomfikia mteja, hukwama wapi? Programu inayokufaa ni ile inayoondoa mkwamo huo, nayo mara nyingi si ile inayosifiwa zaidi mjini.

Kwa hiyo, kabla ya kupakua chochote, chukua kazi moja uliyoimaliza karibuni na uiandike kwenye karatasi hatua kwa hatua: kuhamisha picha kutoka kwenye kadi, kuzichuja, kurekebisha mwanga na rangi, kuondoa madoa, kukata kwa vipimo, kutoa nakala za mwisho, kuchapisha au kutuma, na kuhifadhi. Kando ya kila hatua weka muda uliotumika, hata kwa makadirio. Wapigapicha wengi wa sherehe wakifanya zoezi hili huona kwamba kinachowachelewesha hasa si kuremba picha, bali ni kuchuja. Yaani kupitia mamia ya picha ili kuamua zipi zibaki. Mtu wa namna hiyo akinunua programu yenye uwezo mkubwa wa kuunganisha na kubadilisha picha, atakuwa ametibu mguu usiouma.

Kazi ya kaunta

Studio inayoishi kwa picha za pasipoti na vitambulisho ina mahitaji machache, lakini yanataka haraka. Mteja ameketi anasubiri, na kazi yote ni kukata kichwa na mabega kwa kipimo, kubadilisha rangi ya nyuma inapotakiwa, kupanga nakala kwenye karatasi moja na kuchapisha. Kipimo cha milimita 35 kwa 45, kinachotumika sana kwa pasipoti, ni sawa na pikseli 413 kwa 531 unapochapisha kwa nukta 300 kwa inchi, na karatasi ya inchi 4 kwa 6 hubeba picha nane za kipimo hicho.

Kwa kazi hiyo unahitaji programu yenye leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, na yenye kifaa cha kuchagua umbo la kichwa bila kula nywele. Kipaumbele hapa ni nywele fupi zilizojikunja, ambazo programu nyingi huzikata kama kofia, kwa hiyo kifaa hicho kijaribiwe kwa picha za wateja wako mwenyewe. Photoshop ya kampuni ya Adobe hurekodi mlolongo wa hatua, na ule upangaji wa picha nane ukafanyika kwa kubofya mara moja. GIMP, ambayo ni ya bure kabisa na imekuwepo tangu mwaka 1996, haina kinasa hatua cha namna hiyo, lakini unaweza kutengeneza faili moja ya kiolezo yenye nafasi nane na kuitumia kila siku. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari na hufungua faili za Photoshop; ukurasa ukishafunguka, picha huhaririwa kwenye kompyuta yako yenyewe bila kupandishwa kwenye intaneti, jambo linalookoa bando. Kwa kaunta, zaidi ya hapo ni gharama isiyo na sababu.

Sherehe, na tofauti ya msingi kati ya makundi mawili ya programu

Harusi, kipaimara, mahafali na send-off ni habari nyingine. Mpigapicha anayerudi na picha 1,200 zilizopigwa kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata kuwa JPEG, kwenye kamera ya megapikseli 24, ambapo faili moja huwa na takriban megabaiti 25, amerudi na gigabaiti 30 za kazi ya usiku mmoja. Hapa ndipo inapobidi kuelewa kwamba programu za picha zimegawanyika katika makundi mawili, na kwamba kutoelewa mgawanyiko huo ndiko kunakowafanya watu wengi wateseke na programu ambayo kwa kweli haina kasoro.

Kundi la kwanza ni la programu zinazofungua picha moja moja na kubadilisha pikseli zake, kama vile Photoshop, GIMP na Affinity. Kundi la pili ni la programu zinazosimamia mkusanyiko mzima wa picha, kama vile Lightroom Classic, Capture One na darktable. Programu za kundi la pili haziigusi faili ya asili hata kidogo. Kila unaposogeza mwanga au rangi, huandika maagizo pembeni, katika katalogi, yaani daftari la programu lenyewe, au katika faili ndogo ya XMP inayokaa jirani na picha, na maagizo hayo hutekelezwa pale tu unapotoa nakala ya mwisho. Faida yake kubwa ni kwamba maagizo hunakilika. Ukirekebisha picha moja ya ukumbini, chini ya taa za njano za mapambo, marekebisho hayohayo unaweza kuyahamishia kwenye picha nyingine mia mbili zilizopigwa chini ya taa zilezile, kisha ukabaki na kazi ya kugusagusa zile chache zilizokataa. Kufanya hivyo katika programu ya kundi la kwanza, picha baada ya picha, ni kujitafutia kukesha bure.

Wapo wanaotumia Photoshop kwa kila kitu kwa sababu tu ndiyo waliyofundishwa wakiwa wanafunzi studioni. Maoni yangu ni kwamba mtu wa sherehe aanze na programu ya kundi la pili, kisha aitumie ile ya kundi la kwanza kwa picha chache zinazokwenda kwenye albamu au kwenye fremu ya ukutani, zile zinazohitaji kuondolewa waya wa spika au mtu aliyepita nyuma ya maharusi.

Kwa mwenye tatizo la kuchuja peke yake, kuna njia nyepesi zaidi. FastStone Image Viewer huonyesha picha za RAW kwa haraka kwa kutumia nakala ndogo ya JPEG ambayo kamera huifungasha ndani ya kila faili, nayo hutembea vizuri hata kwenye kompyuta dhaifu. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, ila studio ya biashara inapaswa kulipia leseni. digiKam ni ya bure kwa wote, nayo ina uwezo mzuri wa kuweka nyota, maneno ya utafutaji na kupanga picha za miaka mingi. Kompyuta nyingi za studio zingali na Picasa, na sishangai, kwani ilikuwa nyepesi na rahisi. Hata hivyo, Google iliacha kuiendeleza mwaka 2016, na picha za RAW za kamera zilizotoka baada ya hapo ni bahati kufunguka humo.

RAW au JPEG

Uamuzi huu hutangulia uchaguzi wa programu, kwa kuwa programu yenye uwezo wa kusoma RAW haina faida kwa asiyepiga RAW. JPEG hubeba viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba viwango 16,384. Tofauti hiyo huonekana pale mwanga unapokuwa mkali upande mmoja na hafifu upande mwingine, na Kigoma hali hiyo ni ya kila jioni. Jua letu huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na maharusi wote wanataka kupigwa ufukweni wakiwa wameligeuzia jua mgongo. Ukitaka anga libaki na rangi yake na nyuso zionekane, RAW itakupa nafasi ya kuinua vivuli bila uso kugeuka majivu. Ndivyo ilivyo pia kwa sokwe mwenye manyoya meusi chini ya kivuli cha msitu, na kwa dagaa walioanikwa mchangani Kibirizi, ambao mchana hung'aa kiasi cha kupoteza umbo katika picha.

Kwa upande mwingine, anayepiga mkutano wa asubuhi na kutakiwa kutuma picha kabla ya chakula cha mchana hana haja ya RAW kila siku. JPEG iliyopigwa kwa mwanga sahihi, ikakatwa na kunyooshwa, inatosha. Kumbuka pia kwamba GIMP peke yake haifungui RAW. Huhitaji msaada wa darktable au RawTherapee, ambazo zote mbili ni za bure.

Rangi ya ngozi iwe kipimo cha kwanza

Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Bibi harusi mwenye shela jeupe anapojaza fremu, kamera hupunguza mwanga ili kuifanya nguo iwe kijivu, na uso mweusi unazama pamoja nayo. Kwa hiyo, programu ya mpigapicha wa kwetu haina budi kuwa na njia nzuri ya kuinua mwanga wa uso bila kuunguza nguo. Lightroom ina uwezo wa kumtambua mtu na kuchagua ngozi ya uso peke yake; darktable hufikia matokeo yaleyale kwa kuchora eneo au kuchagua kwa kiwango cha mwanga, ingawa hutaka mtumiaji mwenye subira ya kujifunza; RawTherapee nayo imepata marekebisho ya sehemu ya picha tangu toleo la 5.9 la mwaka 2022.

Jihadhari na mipangilio ya rangi inayouzwa mitandaoni. Mingi imetengenezwa juu ya picha za watu weupe waliopigwa katika mwanga laini wa nchi za baridi, na ikiwekwa juu ya ngozi nyeusi huigeuza kuwa nyekundu kama tofali au kuipaka uvumbivumbi. Zile programu za simu zinazojiita za urembo zina kasoro nyingine: hulainisha ngozi na kuifanya iwe nyeupe kwa wakati mmoja, hata kama mteja hakuomba. Mpangilio ulioutengeneza mwenyewe kwa picha za ukumbi unaoujua una thamani kuliko mia za kununua.

Kompyuta, umeme na bando

Hakuna maana ya kuchagua programu ambayo kompyuta yako haiwezi kuibeba. Adobe yenyewe hutaja gigabaiti 8 za RAM kuwa kiwango cha chini kwa Lightroom Classic, na 16 kuwa kiwango kinachopendekezwa; mwenye kompyuta mpakato ya gigabaiti 4 ataisubiri kila picha. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, uliza kama ya sasa inaweza kuongezewa RAM na kuwekewa diski ya SSD, kwani mabadiliko hayo mawili mara nyingi huhuisha mashine iliyokwisha kukatiwa tamaa. Lightroom Classic pia inaweza kukutengenezea nakala nyepesi zenye pikseli 2,560 kwa upande mrefu, ukahariri hizo huku faili za asili zikiwa kwenye diski ya nje uliyoiacha nyumbani.

Kukatika kwa umeme nako kuna nafasi katika uamuzi huu, hasa kwa anayetumia kompyuta ya mezani. Programu za maagizo huandika kila badiliko muda uleule, hivyo umeme ukikatika unapoteza kidogo sana, ilimradi uwe na nakala ya akiba ya katalogi. Photoshop hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 usipobadilisha mpangilio huo. GIMP haina uhifadhi wa kujiendesha wa namna hiyo, na anayeitumia bila UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ajizoeze kuhifadhi kila anapomaliza hatua.

Kuhusu intaneti, zipo programu mbili zenye jina moja, na kuzichanganya kumewagharimu watu bando zao. Tangu Oktoba 2017, Adobe ina Lightroom Classic, inayoacha picha kwenye diski yako, na Lightroom isiyo na neno hilo la pili, ambayo msingi wake ni kupandisha picha za asili kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zile gigabaiti 30 za harusi moja zikianza kupanda kupitia bando la simu, hesabu unaijua. Kwa anayekaa siku kadhaa Gombe au Mahale, kusiko na mtandao wa kutegemewa, chaguo ni Classic au programu nyingine inayojitegemea. Hata hivyo, programu zote za usajili hutaka kuunganishwa na intaneti mara kwa mara ili kuhakiki leseni, basi ziunganishe kabla ya kupanda boti.

Leseni

Adobe iliacha kuuza Photoshop ya kununua mara moja. Toleo la mwisho la namna hiyo ni CS6 la mwaka 2012, na tangu hapo ni malipo ya kila mwezi au mwaka, kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Ukipiga hesabu, ipige kwa mwaka mzima na kwa shilingi, kisha ilinganishe na harusi ngapi zitahitajika kuilipia. Ikiwa kazi zako ni za msimu, malipo ya kila mwezi yataendelea kudai hata katika miezi mikavu.

Njia ya mkato inayojulikana na wote ni kupewa programu iliyovunjwa leseni kwenye flashi. Mbali na kuwa ni wizi, programu hizo ni mlango wa virusi, vikiwemo vile vinavyofunga faili zote na kudai fedha, na studio yenye picha za harusi ambazo hazijakabidhiwa haina cha kumwambia mteja siku hiyo. Sioni tena sababu ya kuingia katika hatari hiyo, kwa kuwa njia halali za bure zimeongezeka. GIMP 3.0 iliyotoka Machi 2025 imeruhusu vichujio vingi kubadilishwa baada ya kuwekwa, jambo lililokuwa likilalamikiwa kwa miaka. Na Affinity, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, ni ya bure tangu Oktoba 2025 kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva. Kwa mwenye simu tu, Snapseed ya Google ni ya bure na hufungua hata RAW za aina ya DNG, nayo inatosha kwa anayepiga bidhaa za dukani au vitenge vya kuuza mtandaoni.

Jaribio

Ukibakiwa na programu mbili au tatu, usizipime kwa picha za mfano zinazokuja nazo. Tenga picha thelathini kutoka katika kazi zako zenye shida: nyuso za ukumbini chini ya taa za rangi, maharusi dhidi ya jua la jioni, kundi la ndugu wenye rangi tofauti za ngozi katika safu moja, picha ya usiku yenye chengachenga. Zipitishe katika kila programu kuanzia kuhamisha hadi kutoa nakala, huku saa ikiwa mezani. Programu nyingi za kulipia hutoa muda wa majaribio. Uanzishe siku ambayo huna mteja, kwa sababu siku za mwanzo katika programu yoyote ngeni huwa za kutafuta vitufe, na muda unaopimwa siku hizo haumaanishi kitu.

Kisha chapisha. Picha inayovutia kwenye kioo cha kompyuta inaweza kutoka nzito na yenye giza kwenye karatasi, hasa kama mwangaza wa kioo umewekwa juu kabisa. Toa nakala katika mfumo wa rangi wa sRGB, ambao ndio mashine nyingi za kusafishia picha na simu za wateja huutarajia. Ukitoa kwa Adobe RGB, ambao ni mfumo mwingine wa rangi, na mashine isiuelewe, ngozi hupauka. Kama albamu zako huagizwa Dar es Salaam, tuma kwanza picha tatu za majaribio huko huko zitakakosafishwa. Mteja anayetaka picha kwa WhatsApp mtumie kama faili, si kama picha ya kawaida, vinginevyo atapokea nakala iliyobanwa na lawama zitakuangukia wewe.

Kuhama

Jambo la kuuliza kabla ya kuingia katika programu yoyote ni jinsi ya kutoka. Usajili wa Lightroom Classic ukiisha, bado utaweza kuifungua, kuzipanga picha na kutoa nakala, lakini sehemu ya kuhariri hufungwa. Nyota na maneno ya utafutaji, yakiandikwa katika XMP, husomeka na programu nyingine. Marekebisho ya rangi kwa kawaida hayahamiki jinsi yalivyo, kwa sababu kila programu hukokotoa rangi kwa njia yake. Kwa hiyo, kazi zilizokamilika zitolewe katika JPEG za ukubwa kamili, na zile chache za thamani zitolewe katika TIFF, kisha zihifadhiwe pamoja na faili za asili kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja.

Muda mzuri wa kuhama ni Ramadhani au Kwaresima, ambapo sherehe hupungua na mtu hupata nafasi ya kujifunza bila mteja kupiga simu. Usihamishe kazi iliyo katikati. Harusi ya kwanza baada ya Idi au Pasaka iwe ndiyo ya kwanza kuingia katika programu mpya, na zile ambazo albamu zake bado hazijachukuliwa zimalizikie zilikoanzia.